Picha Kumi za Tonton Bosenge

Jolie alirudi Kisangani mwezi uliopita kwa ndoa ya mtoto wa dada yake, na siku ya tatu akakumbuka kwamba mimi bado ni mzima. Alifika kwangu Kabondo juu ya pikipiki, bila kupiga simu, saa ile ile ya kuweka sufuria motoni, akisema Bunia wanakula vizuri lakini lituma yetu ya ndizi za kupondwa hawaijui. Basi tukakaa jikoni, wanawake wawili wa mvi na miwani, tukaponda ndizi kwa zamu huku samaki anaiva ndani ya majani. Miaka karibu ishirini hatujaonana. Ungefikiri tutaulizana habari za watoto, za magonjwa, za nani amekufa na nani ameolewa tena. Hata! Kabla samaki hajaiva tulikuwa tumeshaanza kubishana juu ya studio ya Tonton Bosenge. Yeye anasema mlango wa mbele ulikuwa bluu, mimi nasema kijani. Yeye anasema skana ilifika kabla ya mvua, mimi nasema baada. Tulifanya kazi pale miaka mitatu pamoja, lakini tulichobishania ni mwaka mmoja tu, na hakuna aliyehitaji kumwuliza mwenzake ni upi.

Studio ilikuwa Makiso, nyuma ya duka la vitambaa, vyumba vitatu vinavyofuatana. Katika cha mbele Jolie alipiga picha za pasipoti na za wachumba, mbele ya pazia lililochorwa bustani ya Ulaya yenye ndege wawili weupe ambao watu hawakuwahi kukubaliana kama ni bata au ni kuku. Katika cha katikati kulikuwa na kompyuta, skana, na mimi Zaina, msichana wa miaka ishirini na mbili aliyesoma kompyuta miezi sita na kujiona amemaliza dunia. Cha nyuma kilikuwa cha Mama Germaine, mke wa Tonton, ambaye alipikia pale pale studio kwa sababu, alisema, mume wake akila kwa watu anasahau kurudi. Kando ya jiko lake ndipo lilipokuwa kabati la chuma lenye negativu zote, zile filamu za zamani, zimekatwa vipande na kutiwa ndani ya bahasha. Kwa hiyo kila negativu ya Tonton Bosenge ilinuka pondu, mboga ya majani ya muhogo. Umeme tulipewa na groupe ya jirani, jenereta moja ya kelele nyingi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane. Ikizimika, hata uwe katikati ya kazi, unainuka, unanawa mikono, unaenda kula. Mpaka leo nikisikia jenereta inanyamaza, tumbo langu linaamka.

Tonton hakuwa mjomba wa mtu pale, lakini hata wazee waliomzidi umri walimwita Tonton. Alikuwa mtu wa mto, mzaliwa wa Yanonge, kule mto unakoshukia, mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo. Mchana alipiga sura za watu kama mpiga picha yeyote. Lakini asubuhi, kabla ya kufungua studio, alishuka ukingoni, upande wetu wa mjini, akageuka kutazama Lubunga, ng'ambo ya pili, akaupiga picha mto mkubwa. Siku nyingine alikwenda mto Tshopo, siku nyingine mto Lindi. Miaka karibu thelathini. Jioni hakupiga hata mara moja. Alisema jua la jioni ni la kujipendekeza. Na katika picha zile hakumtia mtu. Mtumbwi ukipita, alingoja upite. «Sura ya batu ni kazi,» alikuwa anasema. «Mayi ni yangu mimi.» Mji mzima ulimhurumia kwa ugonjwa huo. Kwetu picha bila mtu ni filamu imetupwa. Mteja akikuta moja mezani anaiinua, anaigeuza, anatafuta, halafu anauliza kwa upole kama anayeuliza habari za msiba: «Tonton, sasa mutu iko wapi? Alikimbia?»

Mwanzoni mwa mwaka ule Tonton alianza kusalimia koti lililotundikwa mlangoni. Tulicheka, na yeye alicheka kuliko sisi. Kisha akaanza kuniomba nimsomee bahasha, na siku moja akampiga bwana arusi picha tatu bila kichwa, na hapo kicheko kiliisha. Daktari alimwambia wazi: kilichopotea machoni hakirudi, na kilichobaki kinaweza kukaa mwaka, labda kidogo zaidi. Jioni ile nilimsikia nyuma ya pazia la jikoni akizungumza na mke wake. Sikujificha, pazia lilikuwa kitambaa tu na mimi nilikuwa nakula. «Germaine,» alisema, «parokia ilikubali kunipatia salle, ukumbi yao ya kuonyeshea picha, Pasaka ya mwaka kesho ikipita. Picha kumi. Batu waje kama wanataka, wasije kama hawataki. Lakini miye nataka kuziona. Zile kumi tu. Nizione vizuri, halafu macho ifunge, likambo te, haina shida.» Mama Germaine alikuja akaniongezea samaki ambaye sikumwomba.

Ndiyo, kazi yangu ilikuwa hiyo: kutia negativu zile kwenye skana moja moja, kuzikuza kwenye kioo, ili Tonton achague kumi zake. Akaketi kando yangu, pua karibu igusane na kioo. Nikafungua ya kwanza, mto asubuhi, ukungu kidogo, msitu wa Lubunga mwembamba kama uzi. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kizuri vile. «Fungua,» akasema. «Nimefungua, Tonton.» Akapangusa kioo kwa kiganja. «Naona maziwa tu,» akasema. Nikafungua ya pili, ya tano, ya kumi na mbili. Maziwa. Uzuri wote wa picha zake ulikuwa katika vitu vyembamba, na vyembamba ndivyo macho yake yalivyokuwa yameacha kwanza. Wiki mbili tulifanya hivyo. Alianza kunikasirikia, kwamba nafanya haraka, kwamba kompyuta yangu ni chafu. Mimi pia si mtu wa kunyamaza. Nikamwambia kompyuta yangu haina ugonjwa. Nilijuta neno lile kabla halijamaliza kutoka, lakini lilitoka.

Siku iliyofuata sikumsalimia, wala yeye hakunisalimia. Nilikaa mbele ya picha moja, na kwa hasira, si kwa akili, nikaanza kuiharibu. Nikavuta vishale vyote mpaka mwisho: mwanga juu, giza chini, rangi zote zikatwe zibaki tatu. Miti ikayeyuka. Mawingu yakawa kibao kimoja cha njano, maji yakawa zambarau, na katikati mstari mweusi mnene. Haikuwa tena picha ya mahali popote. Tonton alipita nyuma yangu na kikombe cha chai (Jolie anasema kahawa, basi, kahawa) akaelekea mlangoni. Akasimama. Akarudi hatua mbili.

«Ile ni Tshopo,» akasema. «Chini ya daraja. Mvua ilikuwa imetoka kupita.»

Nilichukua bahasha. Juu yake, kwa mwandiko wake mwenyewe: Tshopo, daraja, mvua imepita. Nilipiga kelele hata Jolie akakimbia kutoka chumba cha mbele akiwa amemwacha mteja na kidevu juu. «Nini? Nyoka?» Tonton alikuwa amekwisha kuvuta kiti. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujisumbua kuyafuta. «Fungua ingine,» akasema. «Haribisha ingine.»

Nilikuwa na furaha mwaka ule kiasi ambacho sasa naona aibu kidogo kukisimulia, maana mzee wa watu alikuwa anapofuka. Kila siku saa tatu groupe ilinguruma na sisi wawili tulikuwa tumekwisha kuketi. Niligundua kwamba kila picha ina njia yake ya kuharibika. Nyingine ulilazimika kuifunika yote kwa ukungu kwanza, kisha kuikata kwa rangi. Nyingine ulivuta kwa upana tu mpaka mto ujae. Yeye aliisoma kipande kwa kipande, akisogeza uso kioo kizima kutoka kona moja hadi nyingine, na kuniamuru. «Hapa toa. Hapa giza haitoshi, chini ya majani iko baridi, fanya nisikie baridi.» Nikizidisha rangi alisema: «Umetia sukari.» Mimi nilijibu, nilibishana, nilinuna, na mara nyingine nilishinda. Jolie alichoka na sisi. Hata mwezi uliopita jikoni kwangu alinikumbusha, mdomo umejaa, jinsi nilivyoacha kusuka nywele miezi miwili. «Ulikuwa unaongea peke yako, ndeko, dada yangu. Unasema njano, njano, njano. Nilifikiri umelogwa.» Na Mama Germaine kwa upande wake hakupendezwa. Nilimsikia: «Picha zako ya miaka yote ile, unaacha mutoto anazipondaponda kama ndizi.» Na Tonton: «Germaine, naona. Unasikia? Minaona.» Baada ya hapo alikuwa anatuletea chai bila kuitwa.

Kumi zikapatikana. Tukazipeleka kwa fundi anayechapa bendera za makanisa na za timu za mpira, kwa sababu yeye peke yake alikuwa na kitambaa kipana cha kutosha. Alizitazama akauliza ni timu gani. Siku mbili kabla ya ufunguzi akatuletea vitambaa kumi, kila kimoja kirefu kuliko Tonton, na tukavitundika uani kwenye kamba za nguo ili harufu ya wino itoke. Nilijivuna, acha niseme ukweli. Nilisimama mikono kiunoni kama mama wa bwana arusi. Tonton akakaribia kitambaa cha kwanza, akarudi nyuma, akakaribia, akarudi tena. Ndiyo mara ya kwanza alikuwa anaona picha nzima kwa mara moja, si kwa vipande vya kioo. Akaenda kwa cha pili. Cha tatu. Akakunja uso.

«Zaina. Hii niliipigia wapi?»

«Kwetu, Tonton. Upande wa mjini.»

«Saa gani?»

«Asubuhi. Si unapiga asubuhi tu?»

«Bon. Miye nasimama hapa, naangalia Lubunga. Jua inatoka mukono gani?»

Nikafikiri. Ukisimama mjini ukitazama Lubunga asubuhi, jua liko kushoto kwako, juu kule maji yanakotoka. Nikatazama kitambaa. Njano yote ilikuwa kulia.

«Tangu lini jua inatokea Yanonge?» akauliza Tonton, polepole. «Na mayi? Angalia yale majani inayoelea: kichwa iko huku, mukia huku. Mayi yako inapanda, mutoto. Umepandisha fleuve, muto yote.»

Nikakumbuka skana yangu. Negativu ina pande mbili, mmoja unang'aa, mmoja haung'ai, na ukiilaza kwa upande usio wake, kushoto kunakuwa kulia. Niliambiwa hivyo siku ya kwanza kabisa. Na nilizilaza kinyume, zote, mwaka mzima. Katika picha ya mtu ungeona mara moja: shati ina maandishi, saa iko mkono wa kushoto. Lakini maji hayavai shati. Watu wazima wenye macho manne, mimi na Jolie, tulipita mbele ya mto unaorudi nyuma miezi yote ile, watoto wa Kisangani tuliozaliwa tukijua maji yanakwenda wapi, na hatukuona kitu. Jolie alianza kucheka. Ningempiga. Nililia pale pale chini ya kamba, kwa sauti, kwa sababu fundi alikuwa amemaliza kitambaa chake chote na kingine kilikuwa bado njiani kwenye meli, na ufunguzi ulikuwa kesho kutwa, na Tonton alikuwa anaangalia picha zake kumi na hakuna hata moja iliyokuwa yake.

Mama Germaine akatoka jikoni kuona nani amekufa. Tulimweleza wote kwa pamoja. Alisikiliza, akajipangusa mikono, akashika pembe ya kitambaa cha kwanza na kukisugua kati ya vidole viwili, vile wanawake wetu wanavyofanya sokoni wakitaka kujua kama liputa, kitenge cha kujifunga, ni wax ya kweli au ni uongo. Akakifunua pembe akatazama nyuma yake. «Rangi imepita,» akasema. «Wax ya muzuri haina nyuma. Muigeuze.» Ndivyo tu. Akakishusha kwenye kamba, akakipindua kama anayejifunga kitambaa upya, akakitundika tena. Kitambaa kilikuwa chepesi, wino ulikuwa umetokea upande wa pili, umepungua kidogo tu. Jua likahamia kushoto. Tonton akakaribia, akarudi nyuma. «Aaah,» akasema. «Sasa inashuka. Na sukari imepunguka.» Halafu akamshika mke wake mkono akacheza naye hatua mbili mbele yetu, na yeye Mama Germaine anamsukuma, anamwambia pondu inaungua. Na kweli ilikuwa inaungua, tuliila hivyo hivyo.

Siku ya ufunguzi ukumbi wa parokia ulijaa, kwa sababu misa ya pili ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wamevaa vizuri bila mahali pa kwenda. Walizunguka. Walitafuta mtu, kama kawaida, na safari hii hawakupata hata mti. Mama mmoja wa kwaya aliuliza kama kitambaa cha nne kinauzwa kwa yadi. Baba mmoja aliinamisha kichwa mpaka kofia ikaanguka. Ndipo Tonton akaanza kuzunguka mwenyewe, shati nyeupe, mkono mmoja begani kwangu. Alisimama mbele ya kila kitambaa, akarudi hatua tatu, akasema kwa ile sauti yake ya kuita ng'ambo: hapa ni chini ya maporomoko, hapa ni kabla ya mvua, hapa maji yalikuwa yamejaa mpaka ngazi ya soko. Na watu wakaanza kumfuata. Alipoelekeza mkono, waliona. «Ni kweli! Ile nyeusi ni ukingo!» Wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe, huyu anaona mtumbwi usiokuwepo, yule anaona kwao. Tisa alizitaja zote, bila kukosea hata moja.

Ya kumi ilikuwa Lindi. Ile niliifanyia kazi kuliko zote, na nilikuwa nimekwenda nayo mbali mno, nilijua. Hakikubaki chochote isipokuwa kijani kinachoingia ndani ya kijivu. Tonton akarudi hatua tatu. Akakaribia, akarudi. Watu wakasogea karibu. «Hii siijui,» akasema mwishoni. «Hii siyo yangu. Hii ni ya Zaina.» Akaomba kalamu, mtu akampa, akaniwekea mkononi. «Andika jina.» Watu wakapiga makofi, wamama wakapiga vigelegele, na nikaandika jina langu pembeni, machozi yananitoka. Kila mtu alifikiri nalia kwa furaha. Mimi nilikuwa najua ni negativu yake, ya mkono wake, asubuhi yake. Aliomba kuona kumi. Nikamwonyesha tisa. Macho yalifunga kabisa kiangazi kilichofuata. Aliishi miaka mingine mingi, mcheshi, mbishi, akinisikiliza nikieleza picha zangu mwenyewe na kuniambia wapi nimetia sukari, na sikuwahi kuthubutu kumwambia kuhusu Lindi. Kitambaa kile nimekitundika sebuleni. Wageni wanakisifu, mimi nasema asante, na kila mara ndani yangu kitu kinanichoma: ulikwenda mbali mno, Zaina, kwa kiburi chako, ukamnyima mzee moja.

Haya yote nilimwambia Jolie, tulipokuwa tunanawa. Sijui kwa nini yeye na kwa nini siku ile, labda lituma. Aliacha mikono ndani ya maji.

«Nani alikuambia hakuiona?»

«Alisema mwenyewe, Jolie. Mbele ya batu wote.»

«Asubuhi ile, kabla ya misa, ulienda kuchukua misumari,» akasema Jolie. «Alinishika mukono, tukazunguka salle sisi wawili. Alisimama pale kwa ya kumi, hata hakurudi nyuma. Alisema, Lindi. Mvua iko ng'ambo, haijavuka bado. Nilienda kusoma hata bahasha, ndeko. Ilikuwa vile.»

Nilimtazama. Nilitaka kumrushia bakuli.

«Miaka yote hii umekaa nayo kimya?»

«Alinikataza! Alisema, bila moja yake, yule mutoto atabaki tu kuharibisha picha ya bengine. Alisema atakuambia yeye mwenyewe siku moja.» Akajipangusa mikono na kitambaa changu kizuri. «Nilifikiri alikuambia.»

Nilikwenda sebuleni na mikono yangu bado inadondosha maji, nikashusha Lindi ukutani, nikaitandaza mezani juu ya kila kitu. Nikatafuta kalamu. Pembeni, kando ya jina langu, nikaandika la Tonton Bosenge, herufi kubwa. Jolie alikuja akainama juu ya bega langu na miwani yake, akasema nimeliandika kombo. Nikamwambia anyamaze, anishikie kitambaa kisicheze.